Besi wa Bwawani: Faida Yake, Hasara Yake, na Namna ya Kumvua kwa Chambo cha Mti

Katika skimu nyingi za makazi yako mabwawa yaliyochimbwa zamani na wenye mashamba makubwa. Ule mpango wa kugawa ekari milioni moja ulipoanza mwaka 1962, wakulima waliopewa vipande vya ardhi walirithi na mabwawa hayo. Leo ng'ombe hunywa humo, mboga hutiwa maji yake, na watoto huvua samaki humo wakitoka shuleni. Lakini bwawa la watu wengi halikosi maneno. Huyu husema, "Tilapia wetu hawakui, ni wa ukubwa wa kidole tu." Yule husema, "Mna samaki mwenye kinywa kipana anayewamaliza tilapia wote. Na auawe!"

Samaki huyo mwenye kinywa kipana huitwa besi. Yafaa tumfahamu vizuri kabla ya kumhukumu, maana malalamiko hayo mawili hayawezi kuwa kweli pamoja katika bwawa moja. Katika makala haya tutaeleza besi ni samaki gani, afaa nini, adhuru lini, na namna ya kumvua kwa chambo cha bandia kinachozama kidogo tu chini ya uso wa maji.

SAMAKI MWENYEWE

Besi si mwenyeji wa Kenya. Nchi yake ni Amerika ya Kaskazini. Aliletwa katika Ziwa Naivasha mwaka 1929 ili watu wapate mchezo wa kuvua kwa ufito. Miaka minne kabla yake, yaani mwaka 1925, tilapia walikuwa wametiwa katika ziwa hilohilo. Baadaye besi walitiwa katika mabwawa ya mashamba pia.

Kumtambua si kazi ngumu. Mwili wake ni mrefu kuliko wa tilapia. Mgongo ni wa kijani kilichoiva, tumbo ni jeupe, na ubavuni una mstari mweusi wenye mabaka kutoka kichwani hata mkiani. Lakini alama iliyo kubwa kuliko zote ni kinywa. Mfumbe kinywa uangalie: taya lake hufika nyuma ya jicho. Tilapia hana kinywa cha namna hiyo.

Katika bwawa la shamba besi wa kilo 1 ni samaki mzuri. Kwingineko huwa wakubwa zaidi. Mwaka 1932 Mmarekani mmoja, George Perry, alivua besi wa zaidi ya kilo 10 katika jimbo la Georgia. Ilipita miaka 77 kabla mtu mwingine hajavua wa kulingana naye. Huyo alikuwa Mjapani, Manabu Kurita, aliyemvua samaki wake katika Ziwa Biwa mwaka 2009.

Nyama yake ni nyeupe, imara, tena haina miiba mingi midogo. Mtoe magamba, mpasue, mwoshe kwa maji safi, kisha mkaange au umpike mchuzi mpaka aive kabisa.

NAMNA ANAVYOWINDA

Mwenye kutaka kumvua mnyama yeyote sharti ajue kwanza namna anavyotafuta chakula. Besi huwinda kama paka. Hakimbii huku na huko mchana kutwa. Hujificha kando ya gogo, chini ya majani yaelekeayo majini, au katika kivuli cha jiwe, naye hungoja. Kitu kidogo kikipita karibu, huruka ghafula, hufungua kinywa, na maji huingia pamoja na windo. Mambo haya yote huisha kwa kufumba na kufumbua.

Hutumia vitu viwili. Cha kwanza ni macho, maana besi ni mwindaji wa kuona. Cha pili ni mstari wa hisi ulio ubavuni, ambao kwao huhisi mtikisiko wa maji. Samaki mgonjwa anayeyumba hutikisa maji kwa namna isiyo ya kawaida, na besi hutambua mara moja kwamba hapo pana chakula kisicho na kazi.

Besi mdogo hula wadudu na viumbe vidogo vya majini. Akikua hula samaki wadogo, vyura, viluwiluwi na kereng'ende. Huko Naivasha hula pia kamba wekundu wa maji baridi, ambao nao walitoka Amerika wakatiwa ziwani mwaka 1970.

RAFIKI AU ADUI?

Sasa turudi kwenye yale malalamiko mawili.

Tilapia ni samaki mwenye uzazi mwingi. Huanza kuzaa angali mdogo, naye jike huyalinda mayai na watoto kinywani mwake, hata wengi huokoka. Katika bwawa lisilo na adui, watoto hawa hujaa kupita kiasi. Chakula ni kilekile, walaji wameongezeka. Basi wote hudumaa. Ni kama kuweka ng'ombe 50 katika malisho yatoshayo ng'ombe 10: hutapata maziwa, utapata mbavu.

Hapo ndipo besi anapofaa. Yeye hupunguza watoto wa tilapia, na wale waliobaki hupata chakula cha kutosha wakawa wakubwa. Kwa hiyo, ikiwa bwawa lenu limejaa tilapia wa ukubwa wa kidole, yamkini besi hawamo, au walikuwamo wakamalizwa kwa nyavu.

Lakini na besi nao wakizidi, hasara hugeuka upande wa pili. Tilapia huwa wachache sana, ijapokuwa hao wachache ni wakubwa. Na besi wenyewe huwa wadogo na wamekonda, kichwa kikubwa, tumbo limeingia ndani. Ukiona besi wa namna hiyo, ujue wana njaa. Yapasa kuwavua kwa bidii.

Basi kabla ya kutoa shauri lolote katika mkutano wa bwawa, vueni kwanza kwa siku chache, mkaandike katika daftari samaki mliowapata:

1. Tilapia wengi wadogo, besi hawaonekani: wavueni tilapia wadogo kwa wingi, na besi akipatikana arudishwe majini.

2. Tilapia wa kadiri na besi wanene wa vimo mbalimbali: bwawa lina usawa. Vueni wote wawili kwa kiasi.

3. Tilapia wachache wakubwa, besi wengi waliokonda: vueni besi, nao tilapia waacheni wazae.

Daftari la shilingi chache laweza kumaliza ugomvi wa miaka mingi.

KWA NINI CHAMBO CHA KUZAMA KIDOGO?

Wavu hauchagui. Ukikokotwa bwawani hutoa besi na tilapia, wakubwa kwa wadogo, tena hung'oa mahali samaki walipotaga. Ndoana yenye mnyoo hupata tilapia zaidi. Lakini chambo cha bandia chenye umbo la samaki humchagua besi peke yake, maana ndiye alaye samaki. Mvuvi humwangalia, akaamua kumtwaa au kumwachilia. Kwa hiyo chambo hiki ni chombo cha kutengeneza usawa wa bwawa, si mchezo tu.

Vyambo vya namna hii vina aina nyingi, lakini kwa mabwawa yetu kinachofaa zaidi ni kile kinachoelea kikiwa kimetulia, na kuzama futi 1 hadi 4 kikivutwa. Sababu ni hizi. Kando ya bwawa maji si marefu. Chini mna magugu, visiki na matawi. Chambo kizito kitanasa hapo na kupotea. Kile kinachoelea hupita juu ya magugu. Na kikigusa kisiki, mvuvi huacha kuvuta, nacho hupanda chenyewe na kujinasua.

Siri yake imo katika ulimi. Mbele ya chambo, chini ya kidevu, mna kipande chembamba kama ulimi kilichotokeza. Mvuvi akivuta, maji hukisukuma kipande hicho, kichwa kikainama na chambo kikazama. Lakini maji hayapiti sawasawa pande zote mbili. Hukisukuma kushoto, kisha kulia, hata chambo kinayumba kama samaki aliyejeruhiwa. Ulimi mfupi uliosimama karibu wima huzamisha kidogo. Ulimi mrefu uliolala mbele huzamisha sana. Kwa hiyo mnunuzi dukani asitazame rangi kwanza; atazame ulimi.

CHAMBO CHA KUTENGENEZA NYUMBANI

Chambo cha dukani ni ghali, na kipotevu. Lakini mwenye kisu kikali aweza kujitengenezea. Mvuvi mmoja wa nchi ya Finland, Lauri Rapala, alikuwa mtu wa kipato kidogo aliyejilisha kwa uvuvi. Aliona kwamba samaki wakubwa humshambulia yule samaki mdogo anayeyumba, wakawaacha wengi wanaoogelea sawasawa. Mwaka 1936 alichonga chambo cha kizibo cha chupa, akakivika karatasi ya kung'aa iliyofungia chokoleti, na kwa kuwa hakuwa na vanishi aliyeyusha filamu za picha akakipaka. Kutokana na kisu hicho kilitokea kiwanda ambacho vyambo vyake huuzwa duniani kote.

Mkulima naye aweza kufanya hivi:

1. Tafuta mti mwepesi uliokauka vizuri. Mwamba-ngoma wafaa, maana mti wake ni laini na huelea. Chonga umbo la samaki lenye urefu wa sentimita 7 na unene wa sentimita 2, tumbo nene na mkia mwembamba.

2. Pasua ufa chini ya tumbo kutoka kichwani hata mkiani. Tia waya mmoja mzima usioshika kutu, uliokunjwa ukawa na vitanzi vitatu: kimoja puani cha kufungia mshipi, kimoja tumboni na kimoja mkiani vya kushikia ndoana. Usifunge ndoana katika mti wenyewe, kwa maana samaki atang'oa.

3. Katika ufa huohuo, chini ya kifua, tia kipande kidogo cha msumari ili chambo kisipinduke. Ziba kwa gundi isiyoyeyuka majini.

4. Kata ulimi kwa plastiki ngumu ya dumu kuukuu, upana wa sentimita 1 na nusu. Uchomeke kidevuni karibu wima, ukiinama mbele kidogo, ukauziba kwa gundi.

5. Paka rangi: mgongo mweusi au kijani, tumbo jeupe. Kisha paka vanishi mara tatu, kila mara ukingoja ikauke. Mti ukinywa maji, chambo hakitaelea tena.

6. Tia ndoana, kisha kijaribu katika birika la ng'ombe.

Jaribio ndilo mwalimu. Chambo kikipinduka kikivutwa, ulimi ni mkubwa mno au uzito wa tumboni hautoshi. Kikienda kama kijiti bila kuyumba, ulimi ni mdogo mno au mwili ni mzito. Kikienda upande wa kulia kwako, kunja kidogo kile kitanzi cha puani upande wa kushoto. Kikienda kushoto, kikunje kulia. Kunja kidogo kidogo, ukijaribu kila mara.

MSHIPI NA UFITO

Mshipi wa nailoni wa nguvu ya kilo 5 hadi 7 watosha. Ulio mnene zaidi huzuiwa na maji, na chambo huzama kidogo kuliko kawaida. Jambo hilo lafaa penye magugu mengi. Fundo la kufungia chambo na liwe la kitanzi kilicholegea. Ukikikaza puani, hakitayumba.

Mwenye ufito na kigurudumu chake atatupa mbali. Asiye nao atumie mkebe: zungushia mshipi juu ya mkebe mtupu wa maziwa ya unga, ushike kwa mkono mmoja mdomo wa mkebe ukielekea majini, na kwa mkono wa pili rusha chambo. Mshipi utatoka wenyewe. Kisha vuta kwa kuuzungushia tena. Lakini kabla ya kurusha, tazama nyuma yako. Ndoana haichagui kati ya samaki na sikio la mtoto.

NAMNA YA KUVUTA

Wanaoanza hukosea kwa kuvuta moja kwa moja, kwa haraka, kama mtu anayeteka maji kisimani. Samaki aliyejeruhiwa hendi hivyo. Tupa chambo kando ya kichaka au gogo, si katikati ya bwawa. Kikianguka, kiache kielee mpaka mawimbi yake yamekwisha. Vuta polepole kiasi cha yadi 1, kikayumba. Acha, kitapanda kidogo. Vuta tena. Mara nyingi besi hushambulia wakati ule kilipotulia.

Kikigusa kisiki usikasirike. Kugusa ni kuzuri, maana besi hukaa hapo. Legeza mshipi, kingoje kipande, kisha endelea. Ukiinua ncha ya ufito, chambo hupita juu zaidi. Ukiishusha, huzama zaidi. Hivyo chambo kimoja huweza kufuata kimo cha magugu.

Besi akishika, mshipi usilegee. Ataruka juu ya maji akitikisa kichwa ili aiteme ndoana. Shusha ncha ya ufito, vuta bila pupa, na umshike kwa taya la chini kwa kidole gumba. Meno yake ni madogo kama msasa, hayakati. Jihadhari na ndoana, siyo na meno.

WAPI NA SAA GANI

Saa nzuri ni mapambazuko mpaka saa 3 asubuhi, na tena kuanzia saa 10 jioni. Jua likiwa kali utosini, besi hurudi kivulini au penye maji marefu. Siku ya mawingu huweza kuvuliwa mchana kutwa.

Katika bwawa kubwa au ziwa, mtu akisimama ukingoni huona maji matupu asijue aanzie wapi. Tafuta mambo manne. Kwanza, mahali mto mdogo unapoingia, maana huleta chakula. Pili, rasi na mawe ya ukuta wa bwawa. Tatu, miti na nyua zilizofunikwa na maji. Nne, ukingo wa mafunjo na magugu, hasa penye mwanya.

Ziwa Naivasha ni mfano mwema. Kina chake hupanda na kushuka sana. Katika mwaka 2020 maji yalipanda mpaka yakaingia katika nyumba za watu na kufunika migunga na nyua za pwani. Kwa watu ilikuwa hasara kubwa. Kwa samaki, miti iliyofunikwa ni maficho. Ndivyo ilivyo katika kila bwawa linalojaa baada ya mvua: besi hufuata maji mapya ukingoni, na chambo cha kuzama kidogo ndicho kiwezacho kufika hapo.

MAMBO YA HATARI

Mvuvi asisimame majini, wala asivue usiku, penye viboko. Kiboko huonekana mzembe, lakini huua. Katika Ziwa Naivasha watu wameuawa mara nyingi, na wengi wao walikuwa wavuvi waliosimama majini kando ya mafunjo. Ukiona njia iliyokanyagwa kutoka majini kwenda kwenye majani, hiyo ni njia yake. Usikae hapo jioni wala alfajiri.

Katika bwawa la shamba hatari ni matope na maji yenye kina cha ghafula. Mtoto asiende peke yake. Wekeni penye ukuta kamba ndefu na dumu tupu lililofungwa vizuri, ili mtu akianguka arushiwe. Kitu hicho hakigharimu chochote, nacho ni bora kuliko mtu wa pili kujitupa majini asiyejua kuogelea.

UDONGO WAKO NA MACHO YA BESI

Sasa tufike kwenye jambo lililo kubwa kuliko chambo. Tulisema besi ni mwindaji wa kuona. Maji yakiwa na matope haoni, hashibi, na mayai yake hufunikwa na tope. Dume la besi huchimba kiota penye changarawe au mizizi, maji yasiyo marefu, akakaa hapo kuyalinda mayai na watoto. Lakini hakuna dume awezaye kulinda mayai yasizikwe na udongo wa shamba.

Mto Malewa hutoka milima ya Nyandarua, hupita penye mashamba mengi yaliyokuwa ya skimu, na kuingia Naivasha. Mvua kubwa ikinyesha penye miteremko iliyolimwa bila matuta, mto huwa mwekundu. Udongo ule ni mbolea ya mkulima inayokwenda zake. Huko ziwani pia mna samaki aitwaye kapi, aliyeonekana mara ya kwanza mwaka 2001, ambaye hufukua matope ya chini akitafuta chakula. Baada ya miaka michache kapi ndiye aliyekuwa wengi katika nyavu. Besi bado wamo, lakini si kama zamani.

Bwawa lenu ni Naivasha ndogo. Likijaa tope hupoteza besi kwanza. Kisha hupoteza kina. Mwisho hupoteza maji yenyewe wakati wa kiangazi, na ng'ombe hutembezwa maili nyingi. Kwa hiyo fanyeni haya:

Msilime mpaka ukingoni mwa maji. Acheni ukanda wa majani kuzunguka bwawa lote, na juu ya mteremko chimbeni matuta yafuatayo usawa wa nchi. Pandeni majani ya tembo kandokando ya matuta, nayo yatakuwa chakula cha ng'ombe.

Ng'ombe wasiingie majini. Kwato huvunja ukingo na mavi huchafua maji. Wekeni bomba lipelekalo maji kwenye birika chini ya ukuta.

Msipande miti juu ya ukuta wa bwawa. Mizizi yake hufanya njia za maji, na ukuta hudhoofika. Majani mafupi ndiyo yafaayo.

Mtu mwenye kutaka kupima kama kazi hiyo imefaa, achukue sahani nyeupe, aifunge kwa kamba, aishushe majini mpaka isionekane, kisha apime kamba. Afanye hivyo kila mwezi na kuandika katika lile daftari. Kamba ikizidi kuwa ndefu mwaka kwa mwaka, matuta yanafanya kazi.

SHERIA, NA ONYO MOJA

Uvuvi una sheria zake, hata ule wa ufito. Mwenye kutaka kuvua katika ziwa au bwawa la umma na aende kwanza kwa afisa wa uvuvi wa kaunti, aulize habari za leseni, miezi iliyofungwa, na kimo cha samaki kinachoruhusiwa. Sheria hizo hazikuwekwa bure. Mwaka 2001 uvuvi wa Naivasha ulifungwa kwa sababu samaki walikuwa wamepungua mno, na waliotegemea ziwa walikaa bila kazi. Bwawa la skimu nalo na liwe na sheria zake zilizoandikwa: siku za kuvua, idadi ya samaki kwa kila nyumba, na kwamba besi anayelinda kiota asivuliwe.

Onyo lenyewe ni hili: usimchukue besi katika ndoo kutoka bwawa moja ukamtia katika bwawa jingine, wala katika mto, bila ruhusa ya afisa wa uvuvi. Katika Ziwa Naivasha mlikuwa na samaki mmoja mdogo wa asili. Alionekana mara ya mwisho mwaka 1962, na besi hutajwa miongoni mwa sababu za kupotea kwake. Samaki aliyekwisha kutiwa mtoni hawezi kutolewa tena. Ikiwa bwawa lenu lataka vifaranga, afisa atawaonyesha mahali pa kuvipata. Huko Sagana serikali ilianza shamba la kufugia samaki tangu mwaka 1948, kwa hiyo elimu hii si ngeni nchini.

Basi, ndugu wakulima, mkutano wa bwawa utakapokaa tena na mmoja akasema besi wote wauawe, mwombeni kwanza alete daftari. Kama limeandikwa vizuri, litasema lenyewe ni samaki gani wavuliwe mwezi huu, na wangapi waachwe kwa ajili ya mwaka ujao.